Malaria Hakuna, Cheti Kiandikwe Nini? (Usugu wa Dawa: Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bakteria wanavyoizoea dawa hadi isiwadhuru tena, hali ambayo Wizara ya Afya huiita UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Leo tuifuate dawa yenyewe: inaanzia wapi safari yake? Matangazo mengi humlaumu mwananchi anayenunua amoksisilini dukani bila cheti. Lawama hiyo ina ukweli wake na zamu yake itafika. Ila inatusahaulisha kwamba antibiotiki nyingi zisizohitajika zina cheti halali, kimeandikwa na mtaalamu ndani ya idara ya wagonjwa wa nje.

Ushahidi upo hapahapa nyumbani. Kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watafiti waliwafuatilia watoto wa miezi 2 hadi 59 waliofikishwa na homa kwenye kliniki za Dar es Salaam. Katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kila siku, asilimia 94.9 waliandikiwa antibiotiki siku ya kwanza. Kwa maneno mengine, katika kila watoto ishirini, aliyerudi nyumbani bila dawa hiyo ni kama mmoja tu.

Je, wote hao walikuwa na ugonjwa wa bakteria? Utafiti mwingine, wa mwaka 2008, unatupa picha. Watoto 1,005 wenye homa, wote wagonjwa wa nje wa Dar es Salaam na Ifakara, walipimwa kwa kina kuliko kituo chochote cha kawaida kinavyoweza. Asilimia 70.5 walikutwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 wa bakteria, na asilimia 10.9 wa vimelea kama vya malaria. Wachache walikuwa na zaidi ya aina moja. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini kati ya hao nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ilikuwa asilimia 5. Kikohozi na mafua ya virusi havisikii amoksisilini, hata dozi iwe kamili na mgonjwa awe mtiifu kiasi gani.

Kwa nini basi kalamu inakimbilia huko? Wepesi wa kusema "uzembe" sikubaliani nao. Miaka ya nyuma kila homa ilihesabiwa kuwa malaria na mgonjwa aliondoka na dawa ya malaria. Kipimo cha haraka, MRDT, kimesahihisha kosa hilo, na ni mafanikio makubwa. Tatizo ni kwamba kinajibu swali moja tu. Kinamwambia tabibu ugonjwa si malaria, kisha kinanyamaza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi kadhaa za Afrika pamoja na Afghanistan, ulionyesha kuwa waliokutwa na malaria waliandikiwa antibiotiki kwa asilimia 40, na wasio na malaria kwa asilimia 69. Tumepunguza matumizi holela ya dawa moja na kuongeza ya nyingine.

Jiweke kwenye kiti cha tabibu huyo. Foleni imefika mlangoni. Mama ametoka mbali na nauli ya kurudi kesho hana. Kuotesha vimelea maabara, pale panapowezekana, huchukua siku mbili tatu, na eksirei haipo. Akimruhusu mtoto bila dawa na usiku akazidiwa, ataulizwa yeye. Akiandika kapsuli ambazo hazikuhitajika, hakuna atakayemuuliza lolote, leo wala mwakani. Cheti kinageuka kuwa bima ya mwandishi.

Kwa watu wazima hadithi ina sura nyingine, na majina yake mawili kila msomaji anayajua: taifodi na UTI. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hakimtafuti bakteria wa taifodi. Hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukikutana naye. Kingamwili hizo zinaweza kubaki baada ya mtu kupona, na maambukizi mengine nayo huweza kukidanganya kipimo. Bado majibu ya Widal ya mara moja yamewapeleka watu wengi kwenye siprofloksasini. UTI nayo imekuwa jina la kila maumivu ya kiuno, wakati mwingine kwa kuona chembe chache tu za usaha kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili nyingine. Wapo wagonjwa wanaotembea na "UTI sugu" ambayo haijawahi kuoteshwa hata mara moja.

Aina ya dawa inayoandikwa nayo ina uzito wake. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu. Lipo la kuanzia, lenye amoksisilini na doksisaiklini. Lipo la uangalizi, lenye azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ya sindano. Na lipo la akiba, linalowekwa kwa vimelea vilivyoshindikana. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki za binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kila azithromaisini inayoandikwa kwa mafua ya kawaida inatupeleka upande wa pili.

Habari njema ni kwamba mtindo huu hubadilika bila kumgombeza mtu. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo vilipewa kishikwambi chenye mwongozo unaomwongoza tabibu hatua kwa hatua: uliza hiki, pima kile, tumia oksimita ya kidole, toa tone la damu la kipimo cha CRP pale inapofaa. Watoto waliotibiwa kwenye vituo hivyo waliandikiwa antibiotiki kwa asilimia 23.2; vituo vingine asilimia 70.1. Watoto ambao hali yao haikutengemaa kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 3.7 upande mmoja na 3.8 upande wa pili. Dawa imepungua kwa theluthi mbili na watoto hawakudhurika.

Ninavyoona, hapo ndipo fedha za mapambano dhidi ya UVIDA zielekezwe kwanza, kabla ya mabango. Tabibu apewe vipimo, muda na mwongozo unaomlinda anapoamua kutoandika.

Nawe msomaji, usimshinikize. Akikwambia mtoto ana virusi, muulize dalili gani zikurudishe haraka: kupumua kwa kasi, kifua kubonyea ndani, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, kulegea kupita kiasi. Ukiandikiwa antibiotiki, uliza inatibu bakteria gani. Ni haki yako kujibiwa.

Wiki ijayo tutaingia duka la dawa muhimu, tusikie upande wa muuzaji.