Bunia: Umeme ukikatika, altimetre inahama. Namna ya kuhifadhi madirisha ya vyombo katika simulatere ya ndege

Bunia – Ndani ya jimbo la Ituri, ndege si anasa. Barabara ya taifa namba 27 kuelekea Mahagi inapokuwa na vitisho vya wenye silaha, mgonjwa, mfanyabiashara na mwenye msiba wote huangalia upande wa kiwanja cha ndege. Kijana anayekua akiona hivyo anaweza kuota kuwa rubani. Lakini masomo ni ghali na shule ziko mbali. Ile ya Soroti, nchini Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ni kati ya zilizo karibu na sisi. Kwa hiyo mwenye ordinatere anaweza kuanzia nyumbani, kwa simulatere, yaani programu inayoiga urushaji wa ndege.

Ndani ya simulatere, unaandika herufi nne tu, FZKA, na unajikuta juu ya pisti ya Bunia. Shida inakuja unapotaka kuona vyombo vizuri. Ekrani moja haitoshi kuonyesha milima ya nje pamoja na saa zote za ndani. Mwenye ekrani ya pili huvitoa vyombo nje ya picha kubwa, kila kimoja katika dirisha lake, na kuvipanga pembeni. Katika Microsoft Flight Simulator, iliyotoka Agosti 2020, unashika kitufe cha Alt cha kuume, kile kinachoandikwa AltGr kwenye kibodi zetu za Kifaransa, kisha unabonyeza chombo. Kinatoka.

Lakini ukifunga mchezo, kesho yake unaanza upya: kutoa, kuvuta, kupunguza, kupanga. Simulatere hiyo haikumbuki yenyewe mahali ulipoweka madirisha. Kwa mwenye umeme wa saa 24 ni kero ndogo. Kwetu sisi, ambapo umeme unaweza kukatika mara mbili katika jioni moja na petroli ya jenereta ina bei yake, dakika kumi za kupanga madirisha ni dakika kumi za masomo zilizopotea.

Kwa nini mahali pana maana

Wengine watasema: dirisha likihama si nitalitafuta tu? Hapo ndipo kosa linapoanza. Rubani hasomi vyombo kama mtu anayesoma gazeti. Jicho lake linazunguka kwa njia ile ile, tena na tena, mpaka mwili unazoea.

Ndiyo maana ndege nyingi zina mpango mmoja, wenye umbo la herufi T. Katikati juu ni chombo cha upeo, kinachoonyesha kama ndege imelala upande au imeinua pua. Kushoto kwake ni kipima-mwendo. Kuume ni altimetre, inayoonyesha urefu juu ya usawa wa bahari. Chini ya chombo cha upeo ni dira. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na mpango wake maalumu wa vyombo sita tangu miaka ya 1930, ili rubani akibadilisha ndege asibadilishe macho. Hata ndege za leo zenye ekrani badala ya saa za duara zimefuata umbo hilo: mwendo kushoto, urefu kuume.

Hapa Ituri somo hilo si la vitabu tu. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, Bunia iko zaidi ya mita 1,200. Ndege inayotoka upande wa ziwa inakutana na ukuta wa milima kabla ya kufika mjini. Kama wingu limefunika, rubani hana kingine ila vyombo. Sekunde tatu za kutafuta altimetre ni nyingi. Na mwanafunzi ambaye kila siku anaikuta altimetre mahali pengine anajifunza kutafuta, hajifunzi kuruka.

Namba nne za kila dirisha

Kwa ordinatere, mahali pa dirisha ni namba nne tu: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Zinahesabiwa kwa pikseli kuanzia kona ya juu kushoto ya ekrani kuu. Kama ekrani kuu ina upana wa pikseli 1920 na ya pili iko kuume kwake, dirisha la kwanza la ekrani ya pili linaanzia 1920. Ukiiweka ya pili kushoto, namba zinakuwa chini ya sifuri. Basi ukibadilisha kebo au mpangilio wa ekrani, hata namba nzuri zitapeleka dirisha pasipoonekana.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kutuliza ekrani: kebo ile ile kwenye tundu lile lile, na ukubwa wa maandishi uwe asilimia 100 kwenye ekrani zote mbili.

Hatua ya pili ni kuhifadhi namba nje ya mchezo. Kuna programu ya bure iitwayo MSFS Pop Out Panel Manager. Unaionyesha mara moja vyombo unavyotaka na mahali pake, unahifadhi kwa jina la ndege, na safari inayofuata inavitoa na kuvipanga yenyewe. Njia nyingine ni FancyZones, sehemu ya PowerToys ya Microsoft, nayo ya bure: unachora vyumba juu ya ekrani, na kila dirisha unalovuta linaingia katika chumba chake.

Anayetumia Flight Simulator X ya mwaka 2006, inayofaa ordinatere za zamani na isiyohitaji intaneti wakati wa kuruka, ana bahati. Akihifadhi safari baada ya kupanga madirisha, mahali pake panaandikwa ndani ya faili ya safari hiyo. Kufungua faili hiyo kunarudisha mpango wote.

Hatua ya tatu inawahusu hasa wenye ordinatere ya kubeba. Umeme ukikatika, ordinatere inaendelea kwa betri, lakini ekrani ya pili inazimika, na mara nyingi Windows inakusanya madirisha yote kwenye ekrani iliyobaki. Windows 11 ina chaguo, katika sehemu ya ekrani nyingi, la kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na ekrani iliyounganishwa. Liwashe. Na fanya nakala ya faili za mipango yako kwenye flashi.

Mipaka yake

Katika simulatere ya 2020, vinavyotoka ni vyombo vya ekrani tu, kama vile vya Cessna Caravan. Saa za duara hazitoki. Anayezitaka pembeni anahitaji programu nyingine ya kuzichora, kama Air Manager. Kila dirisha linalotolewa pia linaongezea ordinatere mzigo na picha inaweza kukatakata. Kwa hiyo toa mawili au matatu unayoyahitaji, mengine yaache.

Tena, saa za nyumbani haziandikwi katika daftari la rubani. Mashirika makubwa, kama Ethiopian Airlines huko Addis Ababa, yana simulatere zilizokubaliwa na wakuu wa usafiri wa anga. Mchezo wa nyumbani hauwi hizo. Lakini jicho lililozoea njia yake litamsaidia mwanafunzi siku atakayoketi kwenye kiti cha kweli.

Wanajeshi warubani wa zamani walikuwa na jaribio lao: kufungwa kitambaa machoni na kugusa kila chombo kinapotajwa. Ukishahifadhi mpango wako, uache hivyo hivyo kwa mwezi mmoja, kisha funga macho na uonyeshe kidole altimetre iko wapi. Kidole kikienda moja kwa moja, mazoezi yako yameshika, hata umeme ukatike.