Je, Wajua? Saa za Injili ni Saa Zetu

Ukisoma Mathayo 27:45 hapa Mugumu huhitaji hesabu: giza lilianza saa 6, likaisha saa 9, nasi Ijumaa Kuu hukusanyika saa 9 hiyohiyo. Biblia za zamani za Kiingereza nazo husema saa ya sita, na msomaji wao asipoelezwa anaweza kudhani ni alfajiri! Wayahudi na Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi. Ndiyo maana vibarua wa saa 11, katika Mathayo 20, walifanya kazi saa moja tu. Kilatini huita saa 6 Sexta, na humo Wahispania wakapata siesta, usingizi wa mchana. Nona, saa 9, ilizaa noon ya Waingereza, ambayo sasa ni saa 6.