Kumchagulia Gari Abiria Mwenye Ugumu wa Kutembea

Familia inapopata fedha za kununua gari baada ya mzazi kupata kiharusi, au baada ya kijana kuumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, mazungumzo hugeukia haraka mambo yaleyale: bei, ulaji wa mafuta, upatikanaji wa vipuri na jina la gari. Mgonjwa, ambaye ndiye sababu ya gari hilo kutafutwa, hutajwa mwishoni, na aghalabu kwa swali moja tu: je, ataenea? Kuenea si tatizo. Karibu kila gari lina nafasi ya mtu aliyekwisha kuketi. Tatizo limo katika dakika mbili za kupanda na mbili za kushuka, ambamo mwili uliodhoofika hutakiwa kugeuka, kuinama, kuinua mguu na kubeba uzito wake kwa wakati mmoja. Humo ndimo wagonjwa huanguka, humo ndimo nyonga iliyofanyiwa upasuaji huweza kuchomoka, na humo ndimo mgongo wa binti au mke anayehudumia huumia. Mgonjwa anayeingiwa na hofu au aibu kila anapopandishwa garini huanza kukataa safari: kwanza ibada, halafu harusi na misiba, na hatimaye kliniki. Aliyepata kiharusi akiacha kliniki, shinikizo lake la damu halipimwi, dawa hazirekebishwi, na kiharusi cha pili hukaribia.

Katika miji yetu, mzee anayeheshimiwa hununuliwa gari kubwa lililoinuka. Watoto waliofanikiwa huchanga wakamletea Prado, na nia yao ni njema. Kwa mtu mwenye magoti mazima, kiti cha juu ni raha. Kwa mtu asiyeweza kuinua mguu zaidi ya kimo cha ngazi moja, kiti kilicho karibu sentimeta 80 kutoka ardhini ni ukuta. Hawezi kukiketia kwa kukipa mgongo, kwa sababu makalio yake hayakifikii. Hana budi kupanda akitazama ndani, asimame kwa mguu mmoja juu ya kidaraja chembamba cha pembeni, kisha ageuke hapo hapo. Kwa aliyepooza upande mmoja, au mwenye ugonjwa wa Parkinson ambao huufanya mwili ugande hasa wakati wa kugeuka, tendo hilo ni hatari. Kigoda kinachowekwa chini ili kupunguza kimo hakisaidii sana: juu ya mchanga au changarawe huyumba, na wakati wa kushuka mgonjwa hakioni.

Gari la chini mno nalo lina madhara yake. Mtu anapoketi mahali palipo chini ya magoti yake, viungo vya goti na nyonga hukunjika kupita pembe mraba, na misuli ya mbele ya paja pamoja na ile ya makalio hulazimika kutoa nguvu nyingi zaidi ili kuuinua mwili. Misuli hiyo ndiyo hupungua mapema kwa wazee na kwa waliolala kitandani muda mrefu. Magari madogo ya saluni yana kasoro ya ziada, kwamba viti vyake vimelalia nyuma, hivyo abiria huzama na hawezi kuleta kifua mbele ya magoti, jambo ambalo kila anayesimama hulifanya bila kujua. Paa lake nalo ni la chini, na mwenye shingo iliyokakamaa huligonga.

Kimo kinachofaa hupatikana kwa utepe wa fundi cherehani. Mgonjwa avae viatu anavyovaa kila siku, asimame au aketi wima, na apimwe kutoka ardhini hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kiti cha gari kinapaswa kulingana na kimo hicho au kukizidi kwa sentimeta 5 hadi 10. Kwa watu wazima wengi hiyo ni kati ya sentimeta 45 na 60. Kiti kipimwe kikiwa kimekaliwa, kwa maana sponji ya gari lililotumika miaka kumi na mitano hudidimia sana. Tena kipimwe pale ambapo mgonjwa hupandia kweli. Ua wenye mteremko au ukingo wa barabara hubadili hesabu yote. Kipimo kingine ni umbali kutoka ukingo wa nje wa kizingiti cha mlango hadi kwenye kiti, kwa sababu kizingiti kipana humlazimisha mtu kujitupa nyuma ili kukifikia kiti. Upungufu huu husahaulika katika magari ya familia kama Noah. Mlango wake wa kuburuta ni mpana na hauhitaji nafasi pembeni, lakini kiti cha nyuma kimesogea ndani, na mbele yake kuna sakafu ya kukanyaga kwanza. Anayeweza kupanda ngazi moja huku ameshika mkono wa mlangoni atalifurahia gari hilo. Anayehitaji kuketi kwanza ndipo ainue miguu, hatalifurahia.

Upande uliopooza una uzito kuliko wauzaji wanavyodhani. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, hivyo abiria wa mbele huketi kushoto. Anayeingia ipasavyo hulipa gari mgongo, huketi akitazama nje, kisha huzunguka kuelekea kulia kwake. Mguu wa kulia hutangulia kuingia na wa kushoto hufuata. Wakati wa kushuka, mguu wa kushoto hutangulia. Aliyepooza upande wa kulia atahitaji kuinuliwa mguu wakati wa kuingia, lakini wakati wa kushuka mguu wake mzima ndio utakaogusa ardhi kwanza, na mkono wake mzima utakuwa jirani na mgongo wa kiti apate kujisukumia. Aliyepooza kushoto huingia kwa wepesi, akafurahi, na familia ikalipia gari. Kisha wakati wa kushuka mguu dhaifu hutangulia na mkono unaopaswa kusukuma hauna nguvu. Huyo huweza kushuka vizuri zaidi akiwa kiti cha nyuma upande wa kulia, mradi gari limeegeshwa ndani ya ua, kwani barabarani mlango huo hufunguka kwenye magari yanayopita. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, maelezo haya yageuzwe. Popote pale, mkono uliopooza usivutwe. Misuli inayolishika bega imelegea, na kuvuta mara chache tu hutosha kulitoa bega mahali pake na kuleta maumivu ya miezi mingi. Msaidizi ashike kiunoni, kwenye mkanda mpana uliofungwa kwa kazi hiyo.

Waliobadilishiwa nyonga wana sharti lao. Katika wiki za kwanza madaktari wengi wa upasuaji, hasa pale nyonga ilipofunguliwa kwa nyuma, humkataza mgonjwa kuikunja zaidi ya nyuzi 90 au kuvusha mguu kuelekea upande wa pili. Kiti cha gari la chini huvunja sharti hilo kabla mgonjwa hajaondoka katika ua wa hospitali. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma hadi mwisho, egemeo lilazwe kiasi, mto mgumu uwekwe juu yake, na mguu uliopasuliwa utangulizwe mbele ukiwa umenyooka kabla ya kuketi. Familia isinunue gari kwa ajili ya kipindi hiki kifupi. Kuazima la jirani kunatosha.

Kwa anayetumia kiti mwendo na asiyeweza kusimama kabisa, hesabu ni nyingine. Huyu huhama kwa kuteleza juu ya ubao laini unaounganisha kiti mwendo na kiti cha gari, na mikono ndiyo injini yake. Viti vikilingana kimo, atahama peke yake. Kiti cha gari kikizidi kwa sentimeta 15, atakuwa anapanda mlima kwa mabega, na mabega ya watu hawa huchakaa mapema kwa kazi wasiyoumbiwa. Mlango ufunguke karibu pembe mraba, vinginevyo kiti mwendo hakitakaribia. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mwenyewe kwamba kifungo cha chuma cha mkanda kilichokuwa juani kimemuunguza, wala kwamba mshono wa kiti umemchimba kwa saa tatu. Mto wake wa kuzuia vidonda vya mgandamizo usafiri chini yake pale usipoharibu kimo na mkao wa mkanda, na katika safari kama ya Dar es Salaam hadi Mbeya, takriban kilomita 830, dereva akubali kusimama mara kwa mara ili mwili uinamishwe mbele na damu ipite makalioni. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hatoi jasho ipasavyo chini ya jeraha. Kwake kiyoyozi kibovu ni kasoro ya kitabibu, hata kama muuzaji ameishusha bei kwa sababu hiyo.

Viti vya ngozi husifiwa kwa urahisi wa kusafishwa, na anayeshindwa kuzuia mkojo huvihitaji. Hata hivyo hupata moto na huteleza. Zamani wauguzi walishauri mfuko wa plastiki utandikwe kitini ili mgonjwa ageuke bila kukwaruzika. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kipande cha kitambaa cha nailoni hufanya kazi ileile. Kiondolewe gari kabla halijaondoka. Abiria anayeteleza chini ya mkanda gari linapofunga breki ghafla huumizwa tumbo na mkanda wenyewe.

Buti ni la msaidizi. Kiti mwendo cha chuma kinachokunjwa huwa na kilo 15 hadi 20, na huinuliwa mara nne katika kila safari ya kwenda na kurudi. Ukingo wa buti ukiwa juu ya kiuno, mgongo utalipia. Katika hili Probox, gari ambalo watu hulicheka kwa umbo, hushinda magari mengi ya kifahari: sakafu yake ya mizigo iko chini na mlango wake ni mpana. IST hukimeza kiti mwendo pale tu viti vya nyuma vinapolazwa, na hapo swali huwa ni nani atakayeachwa nyumbani. Wapo wanaotamani mgonjwa abaki juu ya kiti mwendo chake ndani ya gari. Hilo linahitaji gari lenye paa la juu na ubao wa kupandia, mikanda minne ya kukifunga kiti sakafuni kikitazama mbele, na mkanda mwingine wa mtu mwenyewe. Viti mwendo vingi havikuundwa kuhimili mgongano, na kamba ya katani haivishikilii.

Miongoni mwa magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, Toyota Raum ya toleo la pili, iliyoanza mwaka 2003, inastahili kutazamwa. Upande wake wa kushoto nguzo ya kati imo ndani ya milango yenyewe, hivyo ikifunguliwa yote miwili hubaki uwazi mmoja mpana na msaidizi hupata mahali pa kusimama. Ni kweli pia kwamba aliyezoea kushika nguzo hataikuta. Porte, iliyofuata mwaka 2004, ina mlango mmoja mkubwa wa kuburuta kwa umeme upande wa abiria na sakafu ya chini. Toyota huuza pia magari yaitwayo Welcab, ambayo kiti chake huzunguka, au hutoka nje na kushuka kwa mota, na baadhi huuzwa yakiwa yametumika. Mnunuzi ahakikishe mota inafanya kazi, auliza kiti hurudishwaje umeme ukikatika, na apime nafasi ya pembeni ambayo kiti kinahitaji. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linataja msamaha wa ushuru kwa vifaa, likiwemo gari moja, vilivyoundwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Neno "mahsusi" lisomwe kwa makini: Raum ya kawaida haiwi gari mahsusi kwa sababu tu mlango wake ni mzuri. Majibu ya mamlaka ya mapato yapatikane kwa maandishi kabla ya fedha kutumwa Japani.

Wakati wa kununua nao huamuliwa na ugonjwa. Baada ya kiharusi, sehemu kubwa ya nguvu zinazorudi hurudi katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Gari lililochaguliwa wiki ya pili huchaguliwa kwa mwili ambao bado unabadilika, na teksi itafaa zaidi kwa kipindi hicho. Katika magonjwa yanayoendelea kudhoofisha, kama Parkinson au yale ya kusinyaa misuli, mambo ni kinyume: gari linunuliwe kwa hali inayotarajiwa miaka miwili mbele, na mtaalamu wa fiziotherapia aulizwe hali hiyo ni ipi.

Anayeagiza kwa picha za mtandaoni hawezi kumpeleka mgonjwa Japani, lakini anaweza kuita teksi ya aina ileile au kumwomba jirani mwenye gari kama hilo. Mgonjwa apande na kushuka mara tatu, kiti mwendo kikunjwe na kupakiwa na yule ambaye atafanya kazi hiyo kila siku, si na kijana wa yadi. Jaribio lifanyike jioni, mgonjwa akiwa amechoka, kwa kuwa hiyo ndiyo hali anayokuwa nayo anaporudi kutoka kliniki.