Magoti Yanakuibia Vigimbi!

Nyie mabishoo mnaovaa suruali ndefu hata ufukweni Coco jua likiwaka, leo ni zamu yenu. Najua mnachoficha, maana hata mimi nilikuwa nakificha.

Kifua ninacho. Mikono ninayo, fulana zinanibana hadi raha. Lakini kushuka chini ya goti, jamani! Siku moja nilijitia ujasiri nikavaa kaptula, mpwa wangu wa miaka sita akaniuliza mbele ya wageni, "Anko, hiyo miguu ni ya nani?" Watu hoi. Na binti niliyekuwa namtupia macho ndiye aliyecheka kuliko wote.

Basi nikakimbilia jimu ya uani mtaani kwetu, ile ya vyuma vya zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi. Nikajitwisha mabegani, nikawa nadunda kwa vidole, mara mia kila jioni. Miezi minne! Vigimbi? Patupu. Nilichovuna ni maumivu nyuma ya goti la kushoto, hata daladala nikawa napanda kama babu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja pale, baunsa mstaafu. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yako magotini kwangu. "Dogo, unakunja, unakunjua. Yanayofanya kazi hapo ni mapaja. Vigimbi umevipa likizo."

Sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Nyuma ya mguu kuna misuli miwili mikubwa. Wa juu, ule wenye mashavu mawili yanayoonekana, unaanzia juu ya goti, kwenye mfupa wa paja. Wa pili umejificha chini yake na unaanzia chini ya goti. Yote inaungana kwenye kano nene la kisigino. Sasa kwa kuwa ule wa juu unavuka goti, ukikunja goti unalegea, hauwezi kuvuta sawasawa, kazi inabaki kwa mwenzake. Ndiyo maana mazoezi ya kukaa yanamfaa zaidi yule wa chini, na ya kusimama mguu umenyooka yanawagusa wote wawili.

Siyo porojo za kijiweni. Mwaka 2023 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya watu 14 waliofanya mazoezi wiki 12, mguu mmoja kwa kusimama, mwingine kwa kukaa. Shavu la nje la ule msuli wa juu lilikua asilimia 12.4 kwa mguu wa kusimama, na 1.7 tu kwa wa kukaa! Msuli wa chini ulikua kidogo tu, karibu sawa kote kuwili.

Ila kunyoosha siyo kulisukuma goti nyuma. Mimi mjuaji nililikaza hadi likapinda kama upinde, mzee akanizaba kofi la paja. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, shika ukuta. Nyoosha goti, kisha lilegeze kidogo sana, na libaki hapo hapo hadi umalize. Likianza kucheza, uzito umekuzidi, punguza bwana, hakuna anayekuhesabia makopo. Shusha visigino taratibu hadi usikie unavutika, tulia kidogo, halafu panda hadi mwisho. Uzito uegemee upande wa kidole gumba, kifundo kisianguke nje. Mara 10 hadi 15, mizunguko mitatu, basi.

Na kudunda acha kabisa. Lile kano hurudisha nguvu kama mpira, linakubeba wewe badala ya msuli kukubeba. Ukisikia mlio wa "pa!" nyuma ya kisigino, kama umepigwa teke, usijichue wala usipakwe dawa na mtu. Hospitali moja kwa moja.

Kama unaona aibu, hata Arnold Schwarzenegger vigimbi vilimsumbua ujanani. Alikata suruali zake za mazoezi ili kila mtu avione, aibu imsukume.

Mimi zege nimepunguza nusu, goti limepoa, na futi kamba ya fundi cherehani jirani inasema nimeongeza sentimeta moja. Mpwa wangu anakuja Jumapili. Kaptula nimeshaifua.