Je, Wajua? Kuna buibui anayewinda mbu aliyeshiba damu

Kwenye kuta zinazopigwa na jua Afrika Mashariki, mtazame buibui mdogo asiyetega utando. Huyo ni buibui mrukaji. Ana macho 8, na yale mawili makubwa ya mbele humwonyesha windo kwa usahihi wa kushangaza. Hunyata kama paka, husimama, husogea tena. Kabla ya kuruka hubandika uzi wa hariri ukutani, ili akikosa asianguke chini. Kisha shinikizo la majimaji ya mwili huinyoosha miguu yake ghafla, naye yuko hewani.

Wa ajabu kuliko wote anaishi kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora.

Huyu hupenda damu ya wanyama na watu, lakini hawezi kutoboa ngozi. Hivyo humkamata mbu jike aliyekwisha kunyonya! Mtafiti Robert Jackson na wenzake walieleza jambo hili mwaka 2005. Anofelesi, mbu aenezaye malaria, hutua akiwa ameinua tumbo. Buibui wachanga humzunguka kwa nyuma, wakapenya chini ya tumbo hilo na kumrukia kutoka hapo.

Mwaka 2011, Jackson na Fiona Cross walionyesha kwamba buibui hawa huvutwa pia na harufu ya soksi zilizovaliwa, harufu ileile ya binadamu inayowavuta mbu.