Kanda za zamani zaweza kuficha fedha yako

MAMBOYA, Kilosa

Fedha ya mtu yaweza kuwapo na bado asiipate, kwa sababu ushahidi wake umo kwenye kanda isiyosomeka. Jambo hili linamgusa mfanyabiashara wa Mamboya sawasawa na yule wa Dar es Salaam.

Wapo wazee wa Kilosa waliokatwa michango ya NPF, mfuko ulioanzishwa 1964 na kurithiwa na NSSF mwaka 1997. Mwaka huo huo NBC, iliyoundwa 1967, iligawanywa, na NMB ikazaliwa. Taasisi inapobadilika, kumbukumbu nazo huhama, na hapo hatari huanza.

Hazina ilipata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mashine hiyo iliandika herufi moja kwa biti 6. IBM System/360, iliyotangazwa 1964, ilitumia biti 8. Anayesoma kanda ya aina moja kwa kanuni za nyingine huambulia takataka.

Kasoro hutafutwa kwa mpangilio. Kwanza ni kanda yenyewe: unyevu hulainisha gundi inayoshika unga wa sumaku, na kuizungusha hivyo hivyo ni kuikwangua. Wataalamu huikausha kwa joto la nyuzi 50 hivi, kisha huisoma mara moja na kuhifadhi nakala kamili kwenye diski. Kazi nyingine zote hufanyika juu ya nakala hiyo.

Pili ni mashine: kanda ya njia 7 haisomeki kwenye mashine ya njia 9, na msongamano wa 800, 1600 au 6250 kwa inchi sharti ulingane. Tatu ni urefu wa rekodi. Ukikosewa kwa herufi moja, kila mstari unaofuata husogea.

Nne ndiyo inayoumiza mfukoni. Mafaili ya IBM hutumia herufi za EBCDIC, lakini kiasi cha fedha mara nyingi hubanwa, tarakimu mbili kwa baiti moja. Sh. 12,345 hukaa kwenye baiti 3 tu. Faili likigeuzwa lote kama maandishi, majina hutoka safi na fedha huharibika. Mkaguzi anayetazama majina peke yake atapitisha hesabu mbovu.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: idadi ya rekodi na jumla ya fedha zilingane na daftari lililochapwa siku nakala ilipotolewa.

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lifungue biashara Aprili 15, 1998, mwekezaji mdogo ana swali la kuuliza kwenye mkutano wa mwaka: ni lini kampuni ilijaribu mara ya mwisho kurejesha mafaili kutoka kwenye nakala za akiba? Kuwa na nakala si kuweza kuisoma. Wakati jibu likisubiriwa, kitabu cha benki, hati ya hisa na stakabadhi ya michango visitupwe.