Anayekufundisha kuhusu gawio analipwa na nani?

Siku hizi huhitaji kupanda matatu hadi mjini kumtafuta dalali wa hisa ndio usikie habari za gawio. Unafungua YouTube, TikTok au kikundi cha WhatsApp, na hapo kuna mtu anaonyesha ujumbe wa simu: pesa imeingia, gawio la kampuni fulani, salio jipya ni hili. Anaeleza alianza na pesa ngapi, amevumilia miaka mingapi, na mwaka huu anatarajia nini. Chini ya maelezo kuna linki. Pembeni ya linki kuna tangazo.

Wateja wetu wengi wanapokea gawio moja kwa moja kwa simu, kwa hivyo swali hili linatufikia mara kwa mara: huyu mtu ni wa kuaminika kweli? Njia nzuri ya kuanza kulijibu ni kuuliza yeye mwenyewe analipwa na nani. Kulipwa si kosa. Mtu akikaa chini kila wiki kusoma ripoti za kampuni, kupiga hesabu na kukueleza kwa lugha unayoielewa, ametumia bando, stima na muda wake, na kazi hiyo ina bei. Shida inakuja pale anayemlipa anapotaka kitu ambacho si kizuri kwako, na wewe hujui kwamba huyo mlipaji yupo.

(Hata sisi tunaoandika hapa tuna maslahi: tunapata ada pesa inapotembea kwa simu. Soma ukilijua hilo.)

Kwanza, gawio lenyewe

Gawio, au dividendi, ni sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wenye hisa. Inaamua, si kwamba inalazimika. Mwaka mwingine jibu linaweza kuwa hapana. KCB ililipa Sh2 kwa kila hisa kwa mwaka wa 2022, kisha kwa mwaka wa 2023 haikulipa chochote, halafu kwa mwaka wa 2024 ikalipa Sh3. Aliyekuwa amepanga karo ya shule kwa kutegemea gawio la 2023 ilibidi atafute pesa kwingine. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema gawio ni "mshahara wa uhakika", hilo peke yake linatosha kukufanya umsikilize kwa tahadhari.

Tuchukue mfano wa hesabu. Safaricom ililipa jumla ya Sh1.20 kwa hisa kwa kila mmoja wa miaka mitatu ya fedha iliyoishia Machi 2023, 2024 na 2025. Ukiwa na hisa 1,000, hiyo ni Sh1,200 kwa mwaka. Kodi ya zuio kwa mkazi wa Kenya ni 5%, yaani Sh60, na inakatwa kabla pesa haijakufikia. Unabaki na Sh1,140, na kodi ya gawio hilo imeishia hapo. Mfano huu si wa kukuambia ununue. Tumeuchagua kwa sababu wenye hisa za kampuni hiyo ni wengi.

Pesa hutumwa na msajili wa hisa wa kampuni, kwa benki au kwa simu kulingana na maelekezo uliyotoa. Ukibadilisha namba bila kumjulisha dalali au msajili, gawio linakosa pa kwenda. Likikaa miaka 3 bila mwenyewe linapelekwa kwa UFAA, ile mamlaka inayoshikilia mali za kifedha zisizodaiwa. Halipotei huko, unaweza kulidai, lakini ni safari.

Ile asilimia kubwa inatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi hunaswa, na mara nyingi bila mtu kusema uongo wowote.

Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5 kila moja. Mtu aliyenunua wakati huo na hajauza, akipata gawio la Sh1.20, anaweza kusema kwa ukweli kabisa: "Mimi nalipwa 24% kwa mwaka." Na kweli, 1.20 ukigawanya kwa 5 ni 24%. Lakini wewe hutauziwa kwa Sh5. Tuseme unanunua leo kwa Sh25. Gawio ni lile lile Sh1.20, na kwako ni 4.8%. Kabla ya kodi. Akikuonyesha asilimia, muulize ameigawanya kwa bei gani. Bei inayokuhusu ni ile utakayolipa wewe.

Kwenye SACCO kuna kitu kinachofanana na hicho. Bango linasema "Gawio 20%". Hiyo mara nyingi ni ya mtaji wa hisa tu, ambao kwa wanachama wengi ni kiasi kidogo. Akiba yako ya kila mwezi, ile kubwa, hulipwa riba kwa kiwango kingine cha chini. Tuseme una mtaji wa hisa Sh20,000 kwa 20%, na akiba Sh300,000 kwa 10%. Unapata Sh4,000 na Sh30,000, jumla Sh34,000. Kwa pesa zako zote Sh320,000, hiyo ni kama 10.6% kabla ya kodi. Si mbaya hata kidogo, lakini si 20%.

Halafu kuna ushauri wa "kamata gawio". Unaambiwa nunua hisa kabla daftari la wanahisa halijafungwa, ujiandikishie gawio, kisha uza. Inasikika kama pesa ya bure. Piga hesabu: umenunua hisa 1,000 kwa Sh20, yaani Sh20,000. Gawio ni Sh0.65 kwa hisa, unapata Sh650, kodi ikitoka unabaki na Sh617.50. Ada za kununua kupitia dalali tuseme ni 2%, yaani Sh400. Kuuza, Sh400 nyingine. Umetumia Sh800 kupata Sh617.50. Na hapo tumejifanya kwamba bei ya hisa haikushuka, wakati kwa kawaida hushuka baada ya daftari kufungwa, kwa sababu anayenunua baadaye hapati lile gawio.

Sasa nani anafaidika na ushauri kama huo? Dalali, aliyelipwa mara mbili. Na kama mwalimu wako analipwa na dalali kwa kila mteja anayenunua na kuuza, basi na yeye pia.

Pesa ya mwalimu

Kuna njia kama nne ambazo anayefundisha mtandaoni hupata pesa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni matangazo yanayowekwa na mashine, kama ya Google. Mwalimu hajui mapema utaona tangazo gani. Yanasumbua macho, lakini kwa maoni yetu ndiyo yana hatari ndogo zaidi, kwa sababu mwenye tangazo hajamwambia mwalimu aandike nini. Tatizo ni kwamba yanalipa kidogo mpaka uwe na watu wengi. YouTube haikugawii pesa ya matangazo ya video za kawaida kabla hujafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na malipo ya Google AdSense hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Mwalimu mdogo, hata akiwa mzuri, anaweza kukaa miezi mingi bila kuona senti. Ndio maana anashawishika kwenda kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni linki ya kukualika. Ukifungua akaunti ya hisa, ya mkopo au ya biashara ya fedha za kigeni kupitia linki yake, analipwa. Hii inaweza kuwa safi kabisa akikuambia wazi: "Ukitumia linki hii nalipwa." Asipokuambia, huwezi kujua kama amependekeza programu hiyo kwa sababu ni nzuri au kwa sababu inalipa zaidi. Angalia pia linki inakupeleka kwa bidhaa gani. Mtu anayefundisha subira na gawio la muda mrefu, halafu linki yake inaenda kwa biashara ya fedha za kigeni ya kununua na kuuza kila saa, maneno yake na mfuko wake haviendi njia moja.

Njia ya tatu ni udhamini: kampuni inamlipa aizungumzie. Na ya nne ni kuuza kozi au kikundi cha kulipia. Kozi ni biashara ya kawaida kama duka lolote. Udhamini uliofichwa ndio mbaya kuliko yote tuliyotaja, kwa sababu msomaji anadhani anasikia maoni ya mwenzake kumbe anasikiliza tangazo.

Jambo lingine ni leseni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ndiyo hutoa leseni kwa madalali na washauri wa uwekezaji, na orodha yao iko kwenye tovuti yake. Mtu anayesimulia hisa alizonunua yeye na gawio alilopata anasimulia maisha yake. Mtu anayekuambia "wewe, na pesa zako, nunua hii" na kukutoza kwa hilo anafanya kazi ya kushauri, na una haki ya kuuliza leseni iko wapi.

Ikiwa wewe ndiye unayefundisha

Wengine mnaosoma hapa ni walimu hao hao. Umeanza kuweka rekodi ya gawio lako kila mwezi, watu wamekuzoea, na sasa kuna kampuni imekutafuta inbox na ofa. Ofa ni nzuri kuliko miezi sita ya matangazo. Ufanyeje?

Hatukuambii ukatae. Jiulize kama ungependekeza kitu hicho kwa mamako bila kulipwa. Ukikubali, sema mwanzoni kabisa, si mwisho kwa maandishi madogo, kwamba umelipwa. YouTube ina kisanduku cha kuonyesha kuwa video ina udhamini; kitumie. Kwenye WhatsApp hakuna kisanduku, kwa hivyo andika. Na usiuze haki ya kusema mabaya: mkataba ukikuzuia kutaja ada au hasara, msomaji wako ndiye atakayelipa tofauti hiyo.

Kuhusu matangazo ya mashine, AdSense inaruhusu kuzuia aina fulani, yakiwemo yale ya utajiri wa haraka. Kuyazuia kutapunguza mapato kidogo. Lakini fikiria msomaji aliyekuja kujifunza kungoja Sh1,140 kwa mwaka, halafu juu ya somo lako anaona ahadi ya kugeuza elfu moja kuwa elfu hamsini kwa wiki. Yeye hatofautishi tangazo na maneno yako. Kwake, ni wewe umemwonyesha.

Wafuasi wakitaka kukuchangia au kulipia kozi, tumia till au Paybill ya biashara badala ya namba yako ya kibinafsi. Risiti inakuwa na jina la biashara, rekodi za KRA zinakuwa rahisi, na pesa ya nyumbani haichanganyiki na ya kazi.

Kuna mahali pa kusimama kabisa: usipokee pesa za wafuasi ili "uwawekezee". Hata wakikuomba wenyewe, hata wakikuamini sana. Kushika pesa za umma kwa uwekezaji kunahitaji leseni, na soko likishuka utakuwa unadaiwa na watu mia moja wanaojua namba yako ya simu. Mwelekeze kila mmoja afungue akaunti yake ya CDS kwa jina lake. Siku hizi si lazima awe na pesa nyingi. Tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi linaruhusu kununua hata hisa moja, wakati zamani ilikuwa 100 kwenda juu.

Ujumbe wa "gawio lako liko tayari"

Kwa sababu watu wengi wanaonyesha jumbe za gawio mtandaoni, matapeli wamejifunza sura yake. Unapata SMS kwamba una gawio la Sh18,400, ulipe Sh350 ya usajili ndio litoke. Gawio la kweli halidai ulipe kwanza. Kodi inakatwa kwenye pesa yenyewe kabla haijatumwa. Wala hakuna msajili, dalali au mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ndio akutumie pesa. Kupokea hakuhitaji PIN.

Ukiona ujumbe wa gawio, usiangalie SMS tu, angalia salio lako. Kisha linganisha na tangazo la kampuni: gawio ni kiasi gani kwa hisa, daftari lilifungwa lini, malipo ni tarehe gani. Kampuni zilizoorodheshwa huyatangaza hayo hadharani, magazetini na kwenye tovuti zao. Zidisha kwa idadi ya hisa zako, toa 5%. Ikiwa jumla haifanani na kilichoingia, piga simu kwa msajili wa hisa au dalali wako kwa namba iliyo kwenye stakabadhi zako, si ile iliyo kwenye SMS.